Moto wa Kuomba

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipofundishwa kuwasha moto. Nasema hivi nikicheka, kwa sababu kati ya wasichana tuliokaa kwenye nyasi Jumapili ile, tukimsikiliza mwalimu akitusomea kitabuni namna ya kupanga vijiti, hakuna hata mmoja ambaye hakuwa amesonga ugali kabla meno ya utoto hayajamtoka. Tulinyamaza kwa adabu. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa kitabu, na kitabu kilisema vijiti visimamishwe na kuegemezwa pamoja juu, basi tukavisimamisha na kuviegemeza.

Lilikuwa kundi la wasichana wa kanisa letu la Wasabato, huko Nyansiongo, miaka ya sitini ikielekea ukingoni. Sabato alasiri tulitembea kutazama ndege na miti. Jumapili zilikuwa za kazi za mikono: mafundo ya kamba ya katani, kufunga turubai lising'olewe na upepo, kupima saa kwa kivuli cha kijiti. Siku moja kitabu kilisema mtu aliyepotea msituni atazame shina la mti, na upande ulioota ule ukungu laini wa kijani ndio kaskazini. Kwa mvua ya kwetu, ukungu ulikuwa umeota pande zote. Mwalimu aliuzunguka mti mara mbili, akafunga kitabu, akatuambia tuimbe. Nilimpenda kwa hilo, ingawa hakuwahi kujua.

Msichana aliyefaulu majaribio yote alivishwa skafu ya njano mbele ya kanisa. Skafu yenyewe ilikuwa kitambaa tu, na mimi vitambaa havijawahi kunibabaisha. Nilichokitaka ni kile kilichofuata. Kila aliyevaa skafu alipewa dada mmoja kundini, na Sabato moja baada ya nyingine, ibada ikiisha, mmoja alimfuata mwenzake nyumbani kwao, akala kwao, akacheza na wadogo zake hadi jua likapoa. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya mwenzake kuja. Nilitaka mtu aje kwetu. Ndiyo haja yote niliyokuwa nayo mwaka ule, na niliibeba hadi kwenye sala.

Hatukuwa watu wa Nyansiongo. Hakuna aliyekuwa mtu wa Nyansiongo, maana yalikuwa mashamba ya wazungu ambayo serikali iliyagawa walipoondoka, lakini wengine walihamia pale wakiwa na ndugu na majirani wao wa zamani. Sisi tulitoka Birongo peke yetu. Kule Birongo boma letu na la mke wa baba mdogo yalitenganishwa na mstari wa migomba tu, na ukipiga chafya uliombewa heri na nyumba tatu. Hapa baba alipata ekari nyingi, zizi la saruji na ua wa sengenge. Alizizunguka ekari zake siku mbili mfululizo akitabasamu, kisha akarudi ofisini kwake mjini Kisii, akawa anakuja mwisho wa mwezi. Kaka zangu walikuwa shule za bweni. Tulibaki mama, mimi na ng'ombe wanne.

Kule tulikotoka, bibi yangu hakuwa na kiberiti. Moto ukizimika usiku, asubuhi alinituma kwa jirani na kigae cha chungu kilichovunjika, nikaombe kaa moja. Na moto wa kuomba ulikuwa na taratibu zake. Hukupewa mlangoni ukaondoka. Uliambiwa, "Keti kwanza." Uliketi, mwenye nyumba akachokoa majivu taratibu akichagua kaa, na huku anauliza kikohozi cha mtoto, ng'ombe aliyekataa majani, kama shangazi amerudi. Kaa lilichaguliwa muda mrefu kweli, utadhani anachagua mchumba. Nikifika nyumbani bibi hakuuliza nimechelewa wapi. Aliuliza, "Wanasemaje?"

Nyansiongo mama alinunua viberiti dukani, pakiti nzima, kwa sababu hakukuwa na pa kuomba kaa. Kila asubuhi niliamka nikamkuta amesimama nyuma ya nyumba, mikono ndani ya sweta, anatazama vilima akitafuta moshi. Alijua nyumba zote kwa moshi wake, na hakuwa ameingia hata moja. Hata hivyo kila jioni, tukishakula, aliyakusanya makaa katikati ya mafiga akayafunika majivu.

"Ya nini, na kiberiti kipo?" nilimuuliza mara moja, kwa ule ujuaji wa umri ule.

"Na mtu akija kuomba?"

Miaka mitatu hakuja mtu. Mama hakuacha kuyafunika.

Kambi ilifanyika likizo ya Agosti, Ijumaa hadi Jumapili, kando ya kijito, chini ya miti ya miwati iliyopandwa na mzungu mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa juu pale, tupu, vigae vya paa vikianguka kimoja kimoja. Kutoka kwetu ni mwendo wa saa moja. Tulikuwa wasichana kumi na wanane chini ya maturubai mawili, na baridi ya Nyansiongo ya Agosti si ya kusimuliwa, ni ya kupigwa nayo. Sisi sita ambao hatukuwa na skafu tuliokota karatasi zilizokunjwa, kila moja na jaribio la mwisho. Mmoja alipata kutaja miti kumi. Mwingine alipata kufunga jeraha. Yangu iliandikwa: Kutunza moto mpaka Sabato iishe.

Nilikaribia kuruka kwa furaha. Jua likizama Ijumaa hakuna kuwasha kiberiti, hakuna kuokota kuni wala kupasua, hadi jua la Jumamosi lizame. Tulilelewa hivyo wote. Chakula kilipikwa mapema, na moto ulikuwa wa kupasha uji na kutuzuia tusigande. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kukusanya kuni za kutosha kabla ya jua kuzama, kisha kuulisha moto kidogo kidogo siku nzima. Kazi hiyo ningeifanya nimefumba macho. Nilikusanya kuni za mwati zilizokauka vizuri, nikaburuta magogo matatu manene: moja la usiku, moja la asubuhi, moja la mchana. Mwalimu alipita akatazama rundo langu, akaandika kitu kwenye daftari.

Jua lilizama, tukaimba, tukaomba. Kisha baridi ikashuka, na wasichana wakaanza kuja motoni kwangu.

Sijui nieleze vipi. Walikuwa wasichana niliosali nao miaka mitatu, nikafunga nao mafundo, nikajua sauti zao, na hakuna aliyewahi kukaa kando yangu bila kupangwa na mwalimu. Sasa walikuja wenyewe, wakasukumana, wakakaa bega kwa bega. Mmoja mrefu, ambaye kila mtu alitaka awe dada yake, alinivutia nusu ya lesso yake. Mwingine alilaza kichwa begani kwangu akasinzia. Waliniuliza Birongo iko wapi, na kama ni kweli tuna ng'ombe anayefungua lango kwa pembe. Nilisimulia habari za ng'ombe huyo, nikaongeza chumvi, wakacheka hadi mwalimu akatuambia tukumbuke siku.

Moto ulipofifia, mmoja aliinuka akisema anaenda kulala. Nilitia gogo. Akaketi tena.

"Hii moto yako ni tamu," alisema yule mrefu. "Ongeza, basi. Usikuwe mchoyo."

Niliongeza. Gogo la usiku liliisha kabla hata wasichana hawajalala. Nikatia la asubuhi. Baadaye, mtu mwingine alipoanza kujinyoosha na kukunja shuka, nikatia la mchana. Sikupitiwa. Nilijua ninachofanya kila nilipolishika gogo, na kila mara nilijiambia kwamba la mwisho ni hili. Niliichoma Sabato nzima jioni moja ili watu wasiondoke.

Mwalimu alipiga makofi, wakaondoka wote mara moja. Nilibaki na makaa machache, nikayafunika majivu kama mama, nikalala nikijidanganya.

Alfajiri niliweka kiganja juu ya majivu. Yalikuwa baridi. Nikachokoa kwa kijiti, kisha kwa vidole, hadi nikafika udongo. Hakuna hata cheche. Niliogopa vibaya. Viberiti vya mwalimu vilikuwa kwenye kikapu chake na hata vingekuwa mkononi mwangu nisingethubutu. Niliona skafu inakwenda, na yule dada niliyekuwa nimeshamchagua moyoni, na Sabato ile mama angempakulia mgeni. Nilikuwa nimeshaamua hata atakalia kigoda gani.

Ndipo nikaona moshi. Ng'ambo ya kijito, chini ya kilima, nyumba ndogo ya udongo ilikuwa inafuka. Moshi mpya namna ile, Jumamosi asubuhi, ulimaanisha ni nyumba ya watu wa Jumapili, Wakatoliki. Sikufikiri zaidi ya hapo. Niliokota kipande cha kigae chini ya nyumba ya mzungu, nikavuka maji nikiwa nimekunja sketi.

Alikuwa mwanamke wa umri wa mama, peke yake, anachemsha maziwa. Nilibisha hodi, nikamwamkia kwa Kikisii, nikanyoosha kigae kwa mikono miwili, nikamwambia nimekuja kuomba *omorero*, moto. Alikitazama kigae. Uso wake ulibadilika kabisa. Sijui ilikuwa miaka mingapi tangu mtu amnyooshee kigae.

"Karibu, karibu, *omwana one*," alisema. Mwanangu. Alivuta kigoda akakipangusa kwa kiganja. "Keti kwanza."

"Nina haraka, mama."

"Keti tu. Maziwa yako karibu. Nyinyi ndio mnaimba huko kwenye miti? Jana niliwasikia. Nilitoka nje nikakaa nawasikiliza."

"Mama, naomba nipewe tu niende. Nitachelewa."

Alisimama na kijiti chake cha kuchokolea, kisha akainama akatoa kaa la kwanza alilolifikia, na la pili, akayaweka kwenye kigae changu, akayafunika majivu kidogo ya kulinda vidole vyangu. Nilipofika kijitoni niligeuka. Alikuwa amesimama mlangoni, kigoda bado kiko katikati ya nyumba nyuma yake. Nilikwenda.

Nilipuliza hadi machozi yakanitoka. Niliulisha moto vijiti vilivyosalia na magome niliyoyakuta chini ya turubai, na mwalimu alipotoka amejifunga blanketi, moto ulikuwa unawaka na uji unapata joto. Wasichana walikuja wakanyoosha mikono. Yule mrefu aliniambia, "Wewe ni fundi kabisa." Kwa muda wa bakuli moja la uji nilikuwa mtu mwenye watu.

Kilichonisaliti ni kigae. Nilikuwa nimekiacha kando ya mafiga, na majivu yake meupe juu yake. Mwalimu alikiokota baada ya somo la Sabato, akakigeuza geuza. Hakupaza sauti. Alinisimamisha mbele ya wote, kwa sababu jaribio lilikuwa la mbele ya wote.

"Moto huu ni ule wa jana?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyeniona. Lakini nilikuwa mtoto wa hasira, na swali liliniudhi, kana kwamba nimeiba.

"Ule ulizimika," nilisema. "Huu nimeomba kwa jirani."

"Jirani gani?"

"Yule wa ng'ambo."

"Anaitwa nani? Ni wa kanisa gani? Mama wa nani?"

Sikujua jina lake. Sikujua ana watoto au hana, ametoka upande gani, maziwa yale alikuwa anamchemshia nani. Mtu akienda kuomba moto kwa mtu anarudi na habari za nyumba nzima, na mimi nilirudi na makaa mawili.

"Humjui," alisema mwalimu.

"Simjui."

Aliniambia kwa upole, na upole wake ndio uliniumiza, kwamba nimebeba mzigo na kuvuka maji siku ya Sabato, nikaleta moto uliowashwa siku hiyo hiyo. Kisha akasema, "Ungeniamsha tu. Tungekunywa uji baridi. Uji baridi si dhambi, na ungejaribu tena mwaka ujao bila aibu hii." Nilimtazama yule msichana mrefu. Alikuwa anachunguza kucha zake. Aliyelala begani kwangu alikuwa anavuta nyasi. Hakuna aliyesema kwamba kuni ziliisha kwa sababu wote waliuota moto, na kwa kweli sikuwa na haki ya kuwalaumu, maana hakuna aliyejua nilikuwa natia magogo gani.

Watano walivishwa skafu. Mimi sikuipata mwaka ule wala mwaka uliofuata, na baada ya hapo nilikuwa mkubwa mno kwa kundi.

Jumapili nilirudi nyumbani peke yangu, kigae nimekifunga kwenye shuka. Mama alikuwa anakamua. Nilimweleza yote, magogo, moto, mwalimu, nikiwa nimesimama upande wa pili wa ng'ombe ili asinione uso. Nilingojea anigombeze kwa ajili ya Sabato, maana mama alikuwa Msabato hasa, wa kupiga pasi nguo Alhamisi. Alikamua mpaka nikamaliza.

"Alikuambia uketi?"

"Ndiyo."

"Na hukuketi?"

"Nilikuwa na haraka, mama."

Aliacha kukamua. Katika maisha yangu yote mama aliwahi kunipiga mara mbili tu, na siku ile haikuwa mojawapo, lakini ningependelea anipige. Alinitazama kana kwamba ni yeye niliyempita kijijini nikakataa kumwamkia. "Mtu amekuambia uketi," alisema, na hakumaliza.

Jumapili iliyofuata alivaa lesso mpya. Aliniambia nichukue kigae. Hakuniambia tunaenda wapi na sikuuliza. Tulitembea saa nzima, mimi nikiongoza, na kila alipopiga hatua nilisikia kiberiti kikicheza mfukoni mwa sweta lake.

Mwanamke yule, amesharudi misa ya alfajiri, alikuwa uani anaanika maua ya pareto. Alinitambua, akamtazama mama, akanitazama tena. Nafikiri alidhani tumekuja kushtaki. Mama alichukua kigae mkononi mwangu, akakinyoosha kwa mikono miwili.

"Nimekuja kuomba moto," alisema.

Angeweza kucheka. Tulikuwa na vumbi hadi magotini, na mtu yeyote angejua kwamba kati ya hapo na kwetu tumepita nyumba kumi zenye moshi. Hakucheka. Aliingia ndani, tukasikia kigoda kinaburutwa.

"Keti kwanza."

Walichagua kaa lile kuanzia saa nne hadi jua likageuka. Nilijua yote niliyoshindwa kumjibu mwalimu: kwamba alitoka Nyamarambe, kwamba mumewe alikuwa mashamba ya chai upande wa Kericho na huja Krismasi, kwamba alizaa mtoto mmoja akamzika huko huko walikotoka, na hapa hana hata kaburi la kutembelea. Mama alimweleza mambo ambayo mimi sikuwa nimewahi kuyasikia. Walicheka juu ya ng'ombe wetu wa lango. Sikuwa nimesikia mama akicheka vile tangu Birongo, na nililia kidogo, nikiwa nimegeukia ukuta, kwa furaha ya mama na kwa wivu pia, maana huyu alikuwa mgeni wa mama. Wangu hakuwapo. Nilikaa karibu na mlango nikahesabu kuku.

Mwishowe alituwekea kaa moja kubwa jekundu, akalifunika majivu. Mama hakuniachia nilibebe. Njiani tulikutana na wasichana wawili wa skafu wakitoka kundini, mmoja anamsindikiza mwenzake kwao. Walimwamkia mama kwa heshima, wakanipungia mkono, wakapita wakiendelea na maneno yao. Mama alikazia macho kigae. Kufika daraja la pili hakikuwa kinatoa hata moshi, na tulikuwa hatujafika nusu ya njia. Hakukitupa.

Nyumbani aliliweka lile kaa jeusi kando ya mafiga. Kisha akapiga magoti akafukua majivu yetu, aliyofunikia moto asubuhi kabla hatujatoka. Makaa yetu yalikuwa hai, mekundu, kama yalivyokuwa kila siku kwa miaka mitatu. Aliyatazama kidogo, akayafunika tena kwa mkono.

"Amesema atakuja Jumapili," alisema. "Usinizimie moto."